Gemu Letu Limenunuliwa na Kampuni Kubwa: Tukasirike au Tutulie?

Msomaji wetu wa Tanga anauliza:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunacheza gemu moja la kujenga miji, la studio ndogo ya huko Ulaya, tangu likiwa bado halijakamilika. Tulilinunua mapema, tukatafsiri menyu zake kwa Kiswahili bila kulipwa, na tuna seva yetu wenyewe. Mwezi uliopita studio hiyo imenunuliwa na kampuni kubwa. Kundi letu la WhatsApp linawaka moto. Wengine wanataka tumwage nyota moja kila mahali kisha tuhame, wengine wanasema ni gemu tu, tuache utoto. Je, hasira zetu zina msingi? Tuna haki gani? Tufanye nini mapema? Na kuna kifurushi cha 'waanzilishi' kimeanza kuuzwa: ninunue?"

Marahaba. Nianze na swali la haki kwa sababu jibu lake ni fupi, na halitawafurahisha. Mlipolipa hamkununua gemu. Mlinunua leseni ya kulitumia, na leseni za aina hiyo karibu zote zina kifungu kinachomruhusu mwenye mali kuuhamishia mkataba kwa mtu mwingine bila kuwauliza ninyi. Ninyi ni wapangaji, na nyumba imeuzwa mkiwa ndani. Mkataba wa zamani unaendelea, lakini mwenye nyumba mpya ndiye atakayeandika ule unaofuata. Sio siri tena: tangu Oktoba 2024 duka la Steam linaandika wazi kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachopata ni leseni. Lilifanya hivyo baada ya jimbo la California kupitisha sheria inayozuia maduka ya kidijitali kusema "nunua" bila kumweleza mteja ukweli huo.

Sasa kuhusu hasira. Nimefuatilia mauzo ya namna hii kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba wachezaji huwa na haki ya kukasirika, ila mara nyingi hukasirika siku isiyo yake na kwa jambo lisilo lenyewe. Siku ya tangazo hakuna kinachobadilika kwenye gemu. Mabadiliko huja mwaka wa pili, wa tatu, hata wa sita, kupitia ukurasa wa kuingilia kwenye akaunti au aya mpya ya masharti ya matumizi. Kufikia siku hiyo, nusu ya waliopiga kelele wameshahama na nusu nyingine wamechoka.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi ni Minecraft, gemu la kujenga ulimwengu kwa vitalu, na unafanana na hali yenu kuliko mnavyodhani.

Markus Persson wa Sweden aliliweka gemu lile mtandaoni Mei 2009 likiwa halijaiva kabisa. Baadaye, likiwa bado katika hatua ya alfa, yaani majaribio ya mwanzo, aliliuza kwa yuro 9.95 na kuwaahidi wanunuzi wa mwanzo kwamba matoleo yote yatakayofuata watayapata bure. Bei ikapanda kadiri gemu lilivyoendelea kukamilika. Toleo rasmi lilitoka Novemba 2011. Zingatia mpangilio huo wa fedha: hakukuwa na benki wala mwekezaji. Waliolipia umeme na mishahara ni wachezaji, kwa kununua kitu ambacho hakijaisha. Mtu aliyelipa namna hiyo hajioni mteja. Anajiona mmoja wa waliochangia mtaji, ingawa hana hata hisa moja. Hapo ndipo inapoanzia hasira mnayoiona kwenye WhatsApp yenu, na siwezi kuiita utoto.

Persson mwenyewe alikuwa na hasira hiyo hiyo alipokuwa upande wa wachangiaji. Mwaka 2012 aliwachangia dola 10,000 vijana wa Oculus waliokuwa wakikusanya fedha kwa umma ili watengeneze kifaa chao cha kuvaa machoni. Machi 2014 Facebook ilipoinunua Oculus kwa dola bilioni 2, alitangaza kusitisha mazungumzo ya kupeleka Minecraft kwenye kifaa hicho, na akaandika kwamba hakutoa mchango wake ili kuipandisha bei kampuni iuzwe kwa Facebook. Waliochangia hawakupata senti katika mauzo hayo. Miaka miwili baadaye walipewa kifaa kimoja kimoja bure, na basi.

Miezi sita baada ya ghadhabu hiyo, Persson akaiuzia Microsoft kampuni yake ya Mojang kwa dola bilioni 2.5.

Ni rahisi kumcheka, na watu walimcheka sana. Lakini tazama kilichotokea katikati, kwa sababu kinawahusu ninyi moja kwa moja. Juni 2014 Mojang ilifafanua masharti yake kwa wenye seva: mnaweza kutoza kiingilio, kupokea michango, na kuuza mapambo, ila msiuze vitu vinavyompa mchezaji mmoja nguvu kuliko mwenzake. Wakapewa mpaka tarehe 1 Agosti kujirekebisha. Wenye seva kubwa, waliokuwa wakiishi kwa kuuzia watoto vyeo na panga za almasi, waliwasha moto. Matusi yakamwangukia Persson, ambaye kwa maelezo yake hakuhusika kabisa na uamuzi ule. Alikuwa ameshamkabidhi Jens Bergensten uongozi wa gemu tangu Desemba 2011. Akiwa amelala nyumbani na mafua, akaandika kwenye Twitter akiuliza kama kuna anayetaka kununua hisa zake ili aendelee na maisha yake. Kuna waliouchukulia kama mzaha. Microsoft hawakuwa miongoni mwao.

Barua yake ya kuaga, siku ya tangazo la Septemba 15, 2014, inasema suala si fedha bali ni utulivu wa akili yake. Anasema aligundua kuwa amegeuka kuwa alama ya kitu kikubwa asichokielewa, na kwamba akitengeneza tena kwa bahati mbaya kitu kinachoelekea kupendwa na umati, atakiacha hapo hapo. Unaweza kuona aibu kumhurumia tajiri wa namna hiyo, ni sawa. Mimi ninachokiona ni kwamba kelele za wachezaji kuhusu jambo moja zilichangia kuuzwa kwa gemu lenyewe, na waliozipiga walikuwa wakitetea, kwa sehemu kubwa, biashara ya watu wachache wenye seva. Kwa hiyo kabla kundi lenu halijamshambulia mwanzilishi wa studio yenu, ulizeni kwanza nani ndani ya kundi ananufaika na shambulio hilo.

Haya, tangazo likatoka. Watu waliogopa nini? Waliogopa gemu lifungiwe kwenye Xbox, mashine ya michezo ya Microsoft yenyewe, peke yake. Waliogopa toleo la awali, lile lililoandikwa kwa lugha ya programu ya Java na linalobadilishwa kwa modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe) za kila aina, liuawe. Waliogopa kulipishwa kila mwezi, au Minecraft ya pili kutoka ili ile ya kwanza ife. Hata moja halikutimia. Gemu lilibaki kwenye PlayStation, likaingia kwenye mashine za Nintendo, na ilipofika Desemba 2019 aliyeko kwenye PlayStation 4 aliweza kucheza na mwenye simu ya Android. Toleo la Java linapata nyongeza mpaka leo, na mwaka 2019 Mojang ilianza hata kutoa orodha za majina ya ndani ya msimbo (maandishi ya programu yenyewe), jambo lililowarahisishia kazi watengenezaji wa modi. Wakati wa mauzo, nakala zilizokuwa zimeuzwa zilizidi milioni 50 kidogo. Oktoba 2023 zilifika milioni 300.

Hata kazi za hisani hazikukatwa. Wasomaji wa Nairobi watakumbuka kwamba Mojang na UN-Habitat, shirika lenye makao yake pale Gigiri, walianza mwaka 2012 mradi wa kuwapa wakazi Minecraft wachore wenyewe viwanja na bustani za mitaa yao. Jaribio la kwanza lilifanyika Kibera, kwenye uwanja wa michezo wa Silanga. Baada ya ununuzi, mradi ule haukufungwa: mwaka 2015 uliundiwa taasisi yake, na Microsoft ikawa mmoja wa wabia. Mtu aliyeapa mwaka 2014 kwamba Microsoft itanyonya kila tone ilibidi ameze maneno yake.

Lakini kuna yaliyotimia, na hayakuwamo kwenye kelele za 2014.

La kwanza ni akaunti. Oktoba 2020, miaka sita baada ya mauzo, Mojang ilitangaza kwamba kila mchezaji wa Java atahamia akaunti ya Microsoft. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na haikuwa ya uongo. Akaunti za zamani ziliibiwa kirahisi. Tangu Machi 2022, ambaye hajahama hakuweza kucheza. Desemba 18, 2023 mlango ukafungwa, na aliyechelewa akaambiwa anunue upya. Fikiria maana yake kwa mtu aliyenunua mwaka 2010 kwa barua pepe aliyofunguliwa intaneti kafe, ambayo nenosiri lake halikumbuki na namba ya simu iliyounganishwa nayo alishaibadili mara tatu. Alilipa kihalali, aliahidiwa matoleo yote, na leo hana gemu. Hakuna aliyemnyang'anya kwa nia mbaya. Alipitwa na tarehe.

La pili ni mamlaka juu ya seva za watu binafsi. Julai 2022, katika toleo la 1.19.1, uliingizwa mfumo wa kuripoti mazungumzo. Mchezaji akiripotiwa na wakaguzi wa Mojang wakimwona na hatia, hufungiwa kucheza kwenye seva zote, hata ile anayoilipia mwenyewe nyumbani kwake. Hapa wachezaji waliwaka kweli, na kwa maoni yangu hii ndiyo hasira yenye hoja nzito kuliko zote katika historia ya gemu hilo. Kuwalinda watoto ni jambo jema. Kuhukumu gumzo la marafiki kwenye mashine yao wenyewe ni jambo jingine. Kampuni haikurudi nyuma. Kilichosaidia ni modi zilizotengenezwa haraka na watu wa kujitolea, zinazoondoa saini ya kidijitali kwenye ujumbe ili usiweze kuripotiwa. Suluhisho lilipatikana kwa sababu gemu lilikuwa limeacha upenyo wa kubadilishwa. Gemu ambalo kila kitu chake kiko kwenye seva za kampuni halina upenyo huo.

Sasa nije kwenye tafsiri yenu ya Kiswahili, maana hapo ndipo nilipoona hatari ambayo swali lako halikuitaja.

Wiki chache kabla ya Microsoft kutangaza ununuzi, kulikuwa na mtafaruku mwingine ambao nje ya ulimwengu wa seva wachache waliusikia. Seva nyingi za Minecraft zilikuwa zikiendeshwa kwa programu iitwayo Bukkit, iliyojengwa na watu wa kujitolea tangu mwishoni mwa 2010. Februari 2012 Mojang iliwaajiri viongozi wanne wa mradi huo. Wachangiaji wengine wakaendelea kuandika msimbo, kurekebisha kasoro, kujibu maswali ya watoto usiku kucha, wakiamini mradi ni wa jumuiya. Agosti 2014 msimamizi wao alipotangaza kuufunga, Mojang ikajitokeza na kusema hawezi kuufunga, kwa sababu mradi ni mali ya Mojang. Ilisema iliununua ilipowaajiri wale wanne. Kwa zaidi ya miaka miwili watu walikuwa wamefanya kazi bure kwenye mali ya kampuni bila kuambiwa.

Mchangiaji mmoja akajibu kwa silaha ya sheria. Msimbo wake alikuwa ameutoa chini ya leseni huria, inayotaka kila kilichochanganywa nao kiwe wazi pia. Lakini ulikuwa umechanganywa na msimbo wa Mojang, ambao ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo, akadai, hakuna mwenye haki ya kuusambaza mchanganyiko huo. Mwanzoni mwa Septemba alituma ilani ya hakimiliki, na faili za kupakua zikaondolewa. Wenye seva wakabaki wakihangaika, mpaka wakahamia Spigot, ambayo ilikwepa tatizo kwa kumfanya kila mtumiaji ajijengee programu kwenye kompyuta yake mwenyewe badala ya kuipakua ikiwa tayari.

Nimelisimulia kwa urefu kwa sababu watu wengi wakisema "sisi ndio tuliolijenga gemu hili" wanasema kwa hisia tu, lakini kuna wanaosema kweli kabisa, na hao ndio wenye la kupoteza. Ninyi mmo kati yao. Mlipoanza kutafsiri, mlikubali masharti gani? Kama mlifanya kwenye jukwaa la tafsiri la studio, huenda mlibofya kukubali kwamba maneno yote ni yao milele. Kama mlituma faili kwa barua pepe bila mkataba wowote, hakimiliki ya tafsiri inaweza kuwa bado iko mikononi mwenu, na hapo mna kitu kidogo cha kuwekea mezani. Sisemi mdai fedha. Semeni mnataka majina yenu yabaki kwenye orodha ya waliotengeneza gemu, na lugha ya Kiswahili isiondolewe katika toleo lijalo. Ombi dogo, lenye mwenyewe, lina nafasi ya kusikilizwa. Andikeni sasa, wakati waliowajua bado wameajiriwa pale.

Nisije nikaonekana ninasema hasira za siku ya kwanza hazina akili. Mwaka 2019, tarehe 1 Mei, kampuni ya Epic ilitangaza kuinunua Psyonix ya San Diego, waliotengeneza Rocket League, ule mpira unaochezwa kwa magari. Siku hiyo hiyo ukurasa wa gemu kwenye Steam ulijaa maoni ya hasira. Hofu yao ilikuwa moja na ilieleweka: Epic ina duka lake linaloshindana na Steam, kwa hiyo gemu litahamishwa. Wakaambiwa wasiwe na haraka. Septemba 2020 gemu likawa la bure, likaondolewa Steam kwa wanunuzi wapya, na akaunti ya Epic ikawa lazima. Waliokuwa nalo Steam waliendelea kulicheza na kupata matoleo mapya. Kabla ya hapo, Machi 2020, wenye Mac na Linux walikuwa wameshakatiwa uchezaji wa mtandaoni. Kelele zao safari hii zilizaa kitu: walirudishiwa fedha, hata waliokuwa wamecheza kwa mamia ya saa. Walifanikiwa kwa sababu walidai kitu kimoja kinachopimika. Na Desemba 2023 ukaondolewa mfumo wa wachezaji kubadilishana mapambo, uliokuwa uhai wa gemu lile kwa watu wengi. Miaka minne na nusu baada ya ununuzi. Hesabu hizo ndizo ninazowaomba mzikumbuke.

Kuna pia mauzo ambayo mnunuzi hakulibana gemu la zamani hata kidogo, akashindwa tu kuzaa jipya. Kerbal Space Program ilitoka Mexico, kwenye kampuni ya matangazo iitwayo Squad, ambako mwajiriwa mmoja aliruhusiwa kutengeneza gemu la kurusha maroketi. Take-Two ikalinunua mwaka 2017. La pili lilitangazwa 2019, likabadilishiwa studio katikati ya safari, likatoka Februari 2023 kwa karibu dola 50 likiwa na kasoro tele, na mwaka uliofuata timu yake ikavunjwa. Wachezaji walilipa, na nyongeza walizoahidiwa hazikuja. Lakini Kerbal ya kwanza inafanya kazi vilevile. Haihitaji seva wala haiulizi akaunti. Unaweza kunakili folda lake kwenye diski na likafunguka. Jumuiya ilirudi huko, na modi zake zinaendelea kutengenezwa.

Ukiniuliza nini cha kuangalia katika gemu lenu, basi ni hicho: je, likizimwa leo kule Ulaya, litafunguka kesho Tanga? Kama seva yenu inaendeshwa kwa faili mlizonazo wenyewe, mko salama kuliko mnavyojiona. Kama seva "yenu" ni nafasi mliyokodi kwenye mitambo ya studio, basi haijawahi kuwa yenu.

Neno kidogo kuhusu waanzilishi wa studio yenu, kwa kuwa nina hakika wameshaandika barua tamu ya kuwatuliza kwamba hawaendi popote. Huenda ni kweli, kwa muda. Mauzo mengi ya studio hulipwa kwa mafungu: sehemu siku ya kutia saini, sehemu baadaye malengo yakifikiwa. Krafton ya Korea Kusini ilipoinunua Unknown Worlds, watengenezaji wa Subnautica, mwaka 2021, ilikubali dola milioni 500 na nyongeza ya hadi milioni 250 kulingana na mapato. Julai 2025, Subnautica 2 ikisubiriwa, viongozi wa studio waliondolewa kazini na gemu likaahirishwa. Waanzilishi wakafungua kesi Delaware, huku wachezaji wakihimizana kususia. Kila upande ulikuwa na maelezo yake na sitahukumu hapa. Ninachowaambia ni kwamba kipindi cha malengo hayo ndicho mwanzilishi anapokuwa na sababu ya kubaki na kutabasamu. Mkisikia ameondoka, hiyo ndiyo siku ya kusoma masharti mapya neno kwa neno.

Basi mfanye nini? Wiki hii kila mmoja ahakikishe akaunti yake ya gemu imeunganishwa na barua pepe anayoifungua, yenye namba ya simu anayoitumia leo, na aweke risiti ya malipo mahali pasipopotea. Waliojipatia akaunti kwa kuzinunua kwa mtu huko Telegram wajue kwamba siku ya kuhamisha akaunti ndiyo siku watakayoumbuka. Nakilini miji mliyojenga na faili za seva za toleo mnalolitumia sasa, muziweke kwenye diski mbili tofauti, moja isiyokaa nyumba moja na nyingine. Nakilini pia masharti ya matumizi kama yalivyo leo, na tarehe juu yake. Yakibadilika, mtaweza kuonyesha kilichobadilika badala ya kubishana kwa kumbukumbu.

Kuhusu nyota moja: silaha ile inapungua makali kila inapotumika bila sababu mahsusi. Steam ina utaratibu tangu 2019 wa kutambua mafuriko ya maoni yasiyohusu gemu lenyewe na kuyaondoa kwenye hesabu ya alama. Maoni yenu ya leo yatasema nini? Kwamba hampendi mnunuzi? Yatafutwa kwenye hesabu, na siku mtakapokuwa na jambo la kweli mtakuwa mmeshaonekana wapiga kelele. Subirini kitendo. Kikitokea, andikeni kilichoondolewa, tarehe, na mnachotaka kirudishwe. Waliofika mbali zaidi katika mapambano haya ni wale waliokuwa na ombi moja: baada ya Ubisoft kuzima gemu lake la magari, The Crew, Machi 2024, na kuwaacha walionunua bila kitu, ilizaliwa kampeni ya kutaka magemu yaachwe yakichezeka hata msaada wa kampuni ukiisha, na Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja. Ninyi wa Tanga hamkuweza kusaini, lakini sheria ikipatikana kule, huenda studio yenu ya Ulaya ikaifuata kwa kila mtu.

Na tafadhali, waacheni wafanyakazi. Yule kijana anayejibu ujumbe wenu wa kulalamika hakuuza kitu, na pengine amejua habari za mauzo siku moja na ninyi.

Nimebakiza kifurushi cha waanzilishi. Usinunue sasa. Kinauzwa na mmiliki mpya chini ya masharti mapya, na mara nyingi kukinunua ndiko kunakokufanya ubofye "nakubali" mapema kuliko ilivyokuwa lazima. Gemu unalo tayari. Soma kwanza kama kifurushi kinadai akaunti ya kampuni mpya, na kama vitu vilivyomo vinatumika kwenye seva binafsi au kwenye mitambo yao tu. Nitumie masharti hayo ukiyapata, nitayapitia. Kama jibu ni mitambo yao tu, hizo fedha lipieni mwaka mwingine wa seva yenu.